Ripoti Niliyoiondoa Rafuni

Kazi yangu ina meza moja na viti viwili. Meza yenyewe iko chini katika maktaba ya chuo chetu, hapa Voi, chini ya feni inayozunguka kwa uvivu uleule hata ukiipandisha mpaka namba ya mwisho. Mwanafunzi anaandika jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, anachagua nusu saa yake, anakuja tunakaa bega kwa bega, na ananieleza anatafuta nini. Mimi namsaidia kutafuta. Simwandikii na simsomei. Ndugu zangu kule milimani hawajawahi kuelewa kwamba mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kukaa kando ya mwenzake anayetafuta kitu, na nimeshaacha kuwaeleza.

Naipenda kazi hii. Nalisema mapema kwa sababu nitakayoyasimulia hayanipambi. Naipenda hata saa nane mchana, joto likiwa limeshaingia mpaka kwenye droo, vumbi jekundu limekaa kwenye kingo za vitabu nilivyopangusa asubuhi, na mwanafunzi mbele yangu anataka "kila kitu kuhusu mkonge". Namwuliza mkonge upande gani, unalimwaje, unauzwaje, au wanaoukata wanaishije. Anafikiri. Halafu anasema babu yake alikatwa kidole shambani kule Mwatate. Hapo ndipo tunaanza kazi.

Lakini subira sina. Miaka ya kwanza nilikuwa napokonya kipanya cha kompyuta. Mwanafunzi akianza kubonyeza herufi kwa kidole kimoja, mkono wangu ulikuwa umeshafika. Dakika kumi tu namkabidhi makala ishirini, ananishukuru sana, anaondoka, na hasomi hata moja kwa sababu hajui nilizipataje wala kwa nini. Siku hizi nakalia mikono yangu. Naikalia kweli, chini ya mapaja, na wapo wanafunzi wanaofikiri nasikia baridi. Baridi, Voi!

Wengine wananijaribu zaidi. Kuna kijana mmoja alinijia na orodha ya marejeo iliyopangwa vizuri kuliko ninavyoweza kuipanga mimi, akitaka nimwonyeshe tu makala zenyewe zilipo. Tukatafuta ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Kufika ya sita akaanza kucheka mwenyewe, akakubali kwamba simu ndiyo iliyomtungia orodha nzima. Nilimkaripia kidogo, kisha tukatafuta za kweli. Alipata nne, na akazisoma zote.

Sasa huyu binti wa Makwasinyi.

Alikuja Jumatatu. Alikuwa mwaka wa mwisho, umri wake kama miaka ishirini na mitano, ana faili la kadibodi lililofungwa kwa mpira, na sauti ya chini ambayo haikurudi nyuma hata hatua moja. Alitaka kufanya mradi wake juu ya chemchemi inayoteremsha maji kijijini kwao kutoka mlima Kasigau. Watu wazima kijijini wanasema maji yamepungua. Wengine wanawaambia waache hadithi, maji ni yaleyale, watu ndio wameongezeka. Mama yake yuko kwenye kamati ya maji, na kila mkutano wanagombana kama msitu wa juu ufungwe watu wasikate miti, au uachwe.

"Hakuna mtu ana namba, Madam," aliniambia. "Kila mtu ana sauti tu. Na mama hana sauti kubwa."

Yeye alikuwa ameshaanza kupima maji ya sasa. Shida ilikuwa mhadhiri wake, ambaye alimwuliza swali moja la haki kabisa: yamepungua kutoka wapi? Bila kipimo cha zamani hakuna cha kulinganisha. Akampa mpaka Ijumaa saa nne. Aje na namba za zamani, au aiache mada yake na achukue ile aliyogawiwa kila asiyekuwa na mada, takataka za soko la Voi.

"Takataka ni mada nzuri," nikamwambia.

"Ni nzuri, Madam. Lakini si yangu."

Tulitafuta nusu saa yote. Tulipata ndege wa misitu ya Taita, vipepeo, vyura, maua yasiyoota mahali pengine duniani. Kuhusu chemchemi ya kwao, hata mstari mmoja. Saa yangu ikaniambia anayefuata ameshasimama mlangoni, nami nikatamka neno ambalo mkutubi hapaswi kulitamka haraka.

"Hakuna."

Akashukuru. Akakusanya vitabu vitatu alivyokuwa amevitoa, akavipanga kwa ukubwa, na akaanza kwenda navyo rafuni. Hapo nikapandisha sauti.

"Acha hapohapo mezani! Bango husomi?"

Bango lilikuwa jekundu, herufi kubwa, ukutani juu ya kichwa chake: wasomaji wasirudishe vitabu rafuni, waviache mezani. Tulikuwa na sababu. Vitabu vya rejea na ripoti za wanafunzi waliotangulia haviazimwi, vinasomwa humuhumu ndani. Kila jioni tunapita na karatasi, tunahesabu vilivyoachwa mezani, na hivyo ndivyo tunavyojua kipi kinasomwa na kipi kinakula vumbi. Ukikirudisha mwenyewe, kwetu sisi hujakisoma.

"Nisamehe, Madam," akasema. "Ni mazoea. Kwetu huwezi kula, halafu uache sahani mezani mwenzako aje aitoe."

Akaviweka mezani kwa aibu, kama mtu aliyeamrishwa kukosa adabu. Nikamwona mkaidi. Nikamwita anayefuata.

Jumanne jina lake lilikuwa tena kwenye karatasi, safari hii kwenye nusu saa mbili zinazofuatana. Nilivuta pumzi. Lakini usiku ile "hakuna" ilikuwa imenikera, kwa hiyo alipokaa nikafanya nilichopaswa kukifanya Jumatatu. Nikamwuliza.

"Wewe unaona kuna mtu aliwahi kuyapima maji hayo?"

"Naona? Kuna mtu alipima. Alikaa kwetu."

Akanieleza. Yeye binti wakati huo alikuwa na miaka kumi hivi. Alikuja mwanafunzi wa chuo chetu, mwembamba, mpole, akapewa chumba cha nyuma nyumbani kwao, akakaa tangu kiangazi mpaka mvua zikaanza. Kila asubuhi alipanda kwenye chemchemi na ndoo ya lita ishirini na saa ya mkono, akahesabu ndoo inajaa kwa sekunde ngapi, akaandika. Watoto walimwita Bwana Ndoo. Alipenda kimanga cha mama yake, mihogo na maharage, mpaka akajifunza kukiponda mwenyewe. Alipoondoka alisema ataandika kitabu na kitawekwa chuoni. Jina lake halisi hakuna aliyelishika. Watu wazima walimwita mgeni, na mgeni hakuulizwa zaidi.

"Mbona jana hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Madam. Uliniuliza mada."

Maneno hayo yaliniingia, na nilistahili.

Tukafungua katalogi ya ripoti, ambayo Jumatatu hatukuigusa. Yeye anabonyeza, mimi nimeikalia mikono yangu. Akaandika Kasigau, akaandika maji, akaandika neno mradi akalifuta. Ikatokea ripoti moja. Ilikuwa na jina la mtu, kichwa kirefu chenye neno chemchemi, na jina la kijiji chao. Nilicheka kwa sauti, mimi niliyebandika alama za kuomba ukimya kila ukuta. Akanishika mkono. Kisha akauliza, "Madam, hapa mwisho wanamaanisha nini?"

Mwisho wa mstari palikuwa na maneno mawili. Imeondolewa. Haitumiki. Na chini yake, herufi mbili za mfanyakazi aliyeiondoa. Zilikuwa za majina yangu.

Aibu ilinivaa mwili mzima. Nilikumbuka vizuri. Miaka minne nyuma tuliambiwa tupate nafasi rafuni, nami nikapewa ripoti. Nikachukua karatasi zetu za jioni za miaka mitano, na kila ripoti ambayo haikukutwa mezani hata mara moja nikaitia kwenye katoni. Niliifanya kazi hiyo majuma mawili, nikaimaliza kabla ya siku niliyopewa, na nikasifiwa. Rafu zilipumua. Nilijiona hodari sana.

Nakiri kwamba uongo ulinijia mdomoni. Ningeweza kumwambia imepotea, maana vitabu hupotea, naye asingezijua zile herufi mbili. Lakini alikuwa amekaa karibu nami mno.

"Niliitoa mimi," nikamwambia. "Karatasi zilionyesha hakuna anayeisoma."

Hakukasirika. Alikunja uso, kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali.

"Lakini ripoti tunazisoma, Madam. Pale kona tunazisoma sana. Ni vile tu tunazirudisha rafuni."

Nikageuka kutazama kona. Palikuwa na wanafunzi wanne, kila mmoja na ripoti nyeusi mbele yake. Dakika chache baadaye mmoja akamaliza, akainuka, akairudisha ripoti mahali pake, na akazisukuma zile za jirani kwa kiganja zikae sawa. Wa pili akafanya vilevile. Bango jekundu lilikuwa juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyelitupia hata jicho. Ni watoto waliolelewa wasiache kazi yao kwa mtu mwingine, na sisi tulikuwa tumeandika sheria inayowataka wasahau malezi yao wakiingia mlangoni. Miaka yote hiyo tulikuwa tukihesabu vitabu vya wasio na adabu. Ripoti zilizosomwa na wenye adabu nilizitia kwenye katoni.

Nikapiga simu stoo papo hapo. Karani wa huko ni mtu wa mzaha, lakini hata yeye aliisikia sauti yangu akaacha. Katoni zile zilikuwa zimeondoka zamani, pamoja na karatasi za mitihani, kwenda kiwandani kusagwa.

"Basi," binti akasema, na akaanza kufunga faili lake kwa ule mpira.

"Ngoja. Nusu saa iliyopita tulikuwa na ndoo tu. Sasa tuna jina."

Kumtafuta mtu si kazi ya meza yangu. Lakini kosa lilikuwa langu, na Ijumaa ilikuwa inakuja. Jioni hiyo niliandika kwenye kundi la simu la watu niliosoma nao, kundi ambalo kwa kawaida ni la michango ya matanga na picha za ubatizo. Nikataja jina na nikauliza nani anamfahamu. Kabla ya chakula nilikuwa nimeshajibiwa. Ni mwalimu wa shule ya upili, Bomeni, kule Taveta, na mke wake ni binamu wa mwenzetu.

Jumatano nikampigia, binti akiwa kando yangu. Nilimweleza mimi ni nani, na nilichokifanya, bila kuzunguka.

"Kumbe walisoma?" akauliza. Hilo ndilo lililomgusa kwanza. "Mimi nilidhani hakuna mtu aliwahi kuifungua."

"Walisoma. Sisi ndio hatukuhesabu. Unayo nakala yako?"

"Nakala ililiwa na mchwa, dada yangu. Ilibaki jalada."

Binti alikuwa anasikia. Niliona mabega yake yakishuka.

"Lakini daftari ninalo," yule mwalimu akaendelea. "Lile nililokuwa napanda nalo kule juu. Nimehama nyumba tatu na sijaweza kulitupa. Huyo unayesema anatoka Makwasinyi, ni wa nyumba gani?"

Nikampa binti simu. Walizungumza muda mrefu, na sikuikumbuka saa. Alfajiri ya Alhamisi akaenda Taveta mwenyewe, kwa sababu mwalimu alisema daftari hilo hatalikabidhi kwa dereva yeyote.

Siku hiyo ya Alhamisi nililitoa bango jekundu. Nikaenda kwa mkuu wangu na barua ya ukurasa mmoja, nikaeleza tulivyokuwa tukihesabu na nilichokiondoa kwa hesabu hiyo. Aliisoma mara mbili. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza.

"Na zile nyingine?" akauliza tu.

Ripoti nyingine zilisagwa pamoja na ile, na sijui ni nani atakuja mlangoni kesho akitafuta moja kati ya hizo. Hilo bado linaniuma. Nilichoweza ni kufunga penseli kwa uzi pale kona ya ripoti, kando ya karatasi ya kuhesabia, na kuwaomba wasomaji watie alama kila wanaporudisha. Wanatia bila kukumbushwa. Nafikiri wanaiona kuwa sehemu ya kutoa sahani.

Ijumaa alikuwa mlangoni kabla sijafungua. Macho yalikuwa mekundu kwa usingizi mchache, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi. Ndani yake mlikuwa na daftari la shule la kawaida, jalada limepauka, kona zimelika. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, saa, na sekunde, kwa mwandiko mdogo uliolala upande, wino wa bluu. Saa nne ilikuwa karibu. Tukakubaliana yeye asome na mimi nibonyeze, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mikono yangu ilipata ruhusa.

Tulikwenda kwa kasi. Arobaini na moja. Arobaini na moja. Arobaini na tatu. Tulipofika katikati, wino wa bluu ukakoma. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa penseli, tarakimu kubwakubwa zinazopanda na kushuka, mstari mmoja ukichukua nafasi ya mitatu.

"Sasa ni nani tena huyu aliyechafua daftari la watu?" nikasema kwa hasira zangu.

Akafunua ukurasa mwingine, nao ulikuwa wa penseli. Siku tisa. Siku ya kumi wino wa bluu ukarudi, dhaifu kidogo, na pembeni mwalimu alikuwa ameandika: Malaria. Mtoto wa nyumba amepima.

"Jana hukuliona hili?" nikamwuliza.

"Jana tulikaa na familia yake, Madam, tukala, tukaongea. Nililifungua mwanzo tu." Alikuwa ameweka kidole kwenye tarakimu moja kubwa, arobaini na nne. "Alikuwa amelala chumba cha nyuma. Mama alimpikia uji. Akanipa saa yake, ilikuwa inateleza mpaka kwenye kiwiko. Nilipanda na ndoo peke yangu kila asubuhi, nikarudi nikamwandikia. Nilidhani ananipa mchezo ili nisipige kelele."

Akasoma siku zile tisa, nami nikazibonyeza moja moja, polepole.

Saa nne akaingia kwa mhadhiri. Mimi nilikuwa na mwanafunzi mwingine kwenye nusu saa hiyo, na namwomba radhi hapa, maana sikusikia hata neno moja la shida yake. Saa tano na nusu binti alirudi. Sikungoja akae.

"Mada ni ya nani?"

"Ni yangu."

Nilimkumbatia mbele ya watu, mimi mwenye alama za ukimya kila ukuta. Kisha nikataka anieleze yote. Akasema mhadhiri alilifungua daftari ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye penseli akasimama, akavua miwani, akauliza namba za mwandiko ule zitaaminikaje na alizipima nani.

"Nikamwambia ni mimi, Mwalimu."

"Akasemaje?"

"Akaivaa tena miwani yake. Halafu akaniambia, ile orodha ya waliokusanya data, ya zamani na ya sasa, niandike jina langu mara mbili."